Uchaguzi wa mtaa huharibikia kwenye daftari, si kwenye sanduku

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyelalamika kwamba chaguzi za mabaraza ya mitaa huibwa wakati wa kuhesabu kura, akapendekeza masanduku yafungwe kwa lakiri na kila chumba cha kuhesabia kiwe na kamera. Simlaumu. Aliyeshindwa huzikumbuka dakika za mwisho kuliko miezi iliyozitangulia. Ila mimi ni katibu wa baraza la mtaa kwa mwaka wa tisa sasa, kura nimezihesabu kwa mikono yangu mbele ya mawakala, na naomba nafasi niseme nilichokiona. Kwa miaka yote hiyo sanduku halijawahi kutusumbua hata mara moja. Kilichotuvuruga ni daftari.

Baraza letu ni la aina ambayo wengi wanaifahamu. Wakazi hukutana kila baada ya miaka miwili na kuchagua mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina na wajumbe watano. Hao tisa ndio wanaokaa kila mwezi kuzungumzia mitaro, taa za njiani, ulinzi wa usiku, takataka, ugomvi wa mipaka na watoto wasio na mahali pa kuchezea. Halina askari wala mahakama. Nguvu yake yote ni kwamba watu wanakubali kuwa waliokaa pale mbele wamewekwa na wao. Wasipokubali, barua yenye muhuri wa baraza haimfanyi mtu hata ahamishe kifusi alichomwaga njiani.

Katika uchaguzi wa tatu niliousimamia, kura zilizopigwa zilikuwa 143. Mbili ziliharibika. Mshindi wa uenyekiti alipata 72, mwenzake 69. Mawakala wa pande zote walisaini, na hakuna aliyebisha hesabu. Nilipokuwa naandika matokeo ubaoni, mama mmoja alisimama kutoka safu ya nyuma akauliza: "Hawa watu 31 walioandikishwa wiki hii ni akina nani?"

Swali lilikuwa langu, kwa kuwa daftari lilikuwa langu. Katiba yetu ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu uanachama: mkazi yeyote wa mtaa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi atakuwa mwanachama akijiandikisha kwa katibu. Haikusema daftari linafungwa lini. Haikusema mkazi ni nani, wala anathibitisha vipi kwamba anaishi hapa. Basi katika siku nane za mwisho watu walikuja nyumbani kwangu jioni, wawili wawili, watatu watatu, nami nikawaandika. Baadhi nawafahamu, ni majirani wa miaka mingi waliokuwa wamezembea. Wengine walisema wamehamia juzi. Wachache nilikuwa na hakika kwamba walishahama. Lakini kifungu cha kuwakatalia sikuwa nacho, na kama ningewakatalia kwa kuwashuku tu, ningekuwa nimejipa madaraka ambayo hakuna aliyenipa. Niliwaandika wote 31.

Tofauti ya ushindi ilikuwa kura tatu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Aliyeshindwa alikata rufaa. Na rufaa, kwa mujibu wa katiba yetu, husikilizwa na kamati ya utendaji. Mwenyekiti wa kamati ya utendaji alikuwa yule yule aliyetangazwa mshindi. Tulikaa saa tano. Mwisho wa yote, aliyeshindwa alikunja karatasi zake akatoka, na karibu nusu ya ukumbi ikatoka naye. Kwa miaka miwili iliyofuata baraza letu halikufanya mkutano mkuu hata mmoja uliotimiza akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwepo. Mtaro uliokuwa umeanza kuchimbwa ulibaki shimo. Mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika ni nani aliyestahili kushinda, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu maandishi ya kulijibu swali hilo yalipaswa kuwa mikononi mwangu.

Kwa hiyo, Mhariri, kabla ya lakiri na kamera, kila baraza lijibu kwanza swali la yule mama: mwenzetu ni nani?

Si swali jepesi, wala si letu peke yetu. Mwaka 1999 wapiga kura wa Los Angeles, Marekani, walipitisha katiba mpya ya jiji iliyoanzisha mabaraza ya ujirani, na mlango wakaufungua wazi: anayeishi eneo hilo, anayefanya kazi pale, mwenye mali pale, na hata mwenye shughuli ya kijamii inayomfunga na eneo hilo, wote wana nafasi ya kushiriki. Uskoti, ambako mabaraza ya jamii yalipata msingi wake katika sheria ya mwaka 1973, kwa kawaida anayepiga kura ni mkazi ambaye jina lake limo kwenye daftari rasmi la wapiga kura la eneo lile. Njia ya kwanza inaleta watu wengi na mabishano mengi. Ya pili ni safi, lakini inamwacha nje mtu ambaye hajawahi kujiandikisha serikalini, na mitaani watu hao si haba.

Msimamo wangu, baada ya kuchomwa na moto huu, ni kwamba kura iwe ya anayelala mtaani. Mpangaji apige kura sawasawa na mwenye nyumba, hata kama anaishi chumba kimoja na amehamia mwaka huu. Yeye ndiye anayepita usiku penye taa iliyozimika. Mwenye nyumba anayeishi mbali na kutuma mtu kukusanya kodi namheshimu, aje mkutanoni, aseme, asikilizwe, lakini kura asipige. Najua wapo watakaonipinga, na katika baraza letu walinipinga kwa sauti kubwa. Wanasema mwenye mali ndiye mwenye cha kupoteza. Mimi nimeona wapangaji wakipoteza usingizi, afya na watoto kwa sababu ya mtaro ulioziba, na wala hawakuwa na hati ya chochote.

Kuhusu uthibitisho, msidai hati za nyumba wala mikataba. Wapangaji wengi hawana hata karatasi moja. Sisi sasa tunataka saini za majirani wawili ambao tayari wamo daftarini, waliotayari kusema mbele ya watu kwamba huyu anaishi hapa. Mtu anaweza kumdanganya katibu jioni nyumbani kwake. Ni vigumu kumpata jirani atakayeweka saini yake chini ya uongo ambao kesho utabandikwa ukutani.

Na ubandikwe kweli. Daftari lifungwe siku 30 kabla ya uchaguzi, majina yote yawekwe kwenye ubao wa matangazo, na kwa siku 14 mwanachama yeyote aruhusiwe kuandika pingamizi au kudai jina lililosahauliwa. Dirisha hilo likishafungwa, haliongezwi jina, hata la mtoto wa mwenyekiti aliyetimiza miaka 18 jana yake.

Sasa niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Kwa miaka hii nimekuwa katibu, nimekuwa mtunza daftari, nimekuwa msimamizi wa uchaguzi, na wakati huo huo nimekuwa mgombea wa nafasi yangu. Hakuna aliyewahi kulihoji, kwa sababu watu waliniamini. Sikuiba kura hata moja. Lakini haikuwa sawa, na ningepaswa kulisema mapema. Uaminifu wa mtu si kanuni. Mimi nikiondoka, kiti kile kile na daftari lile lile vitakaliwa na mwingine, naye atasema katibu wa kwanza alifanya hivi hivi. Kamati ya uchaguzi iwe ya watu watatu au watano, wasiogombea, wasio na mume, mke, mzazi, mtoto wala ndugu wa tumbo moja kati ya wagombea, na wachaguliwe na mkutano mkuu badala ya kuteuliwa na mwenyekiti. Rufaa nazo ziende kwao kwanza. Asiyeridhika azirudishe kwenye mkutano mkuu. Zisipite kabisa kwenye kamati ya utendaji.

Nimetaja akidi. Hapa ndipo mabaraza mengi yanapofia, na kifo chake hakina kelele. Katiba yetu ilitaka nusu ya wanachama wote wawepo. Ilipoandikwa, daftari lilikuwa na majina 60, na watu 30 ni rahisi kuwapata chini ya mti. Majina yalipopita 400, nusu yake haikupatikana tena. Sentensi nyingine katika katiba hiyo hiyo ilisema viongozi wataendelea kushika nafasi zao mpaka uchaguzi ufanyike. Ziunganisheni sentensi hizo mbili. Kiongozi asiyetaka uchaguzi hana haja ya kuiba chochote. Anachohitaji ni watu wakae nyumbani, na watu hukaa nyumbani bila kuombwa.

Kuishusha akidi nako kuna hatari yake, kwani watu ishirini wenye nia moja wanaweza kuliteka baraza katika jioni ya mvua. Baada ya majadiliano marefu tuliamua iwe watu 40 au sehemu moja ya kumi ya wanachama, kutegemea ipi ni kubwa. Ikikosekana, mkutano unaahirishwa kwa siku 14, tangazo linatolewa upya, na watakaofika mara ya pili wanatosha, ila kwa ajenda ile ile tu, pasipo kuongeza hata nukta. Pia akidi ihesabiwe wakati wa kupiga kura, isihesabiwe mlangoni peke yake. Nimeona mikutano iliyoanza na watu 60 ikafanya uamuzi ikiwa na watu 17.

Hao 17 nawakumbuka vizuri. Giza lilikuwa limeingia, tumeshamaliza kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, tumepita kwenye yatokanayo, tumesikiliza taarifa ya mweka hazina, na watu walikuwa wameanza kuondoka kupika na kulaza watoto. Tukafika kwenye mengineyo. Mjumbe mmoja akasimama na hoja kwamba muda wa uongozi uwe miaka minne badala ya miwili, ili kupunguza usumbufu wa chaguzi. Ikaungwa mkono, mikono ikanyooshwa, ikapita. Mimi nikaiandika. Wiki nzima watu waliokuwepo mkutanoni saa moja kabla walikuwa wakiniuliza kama ni kweli. Ilitubidi kuitisha mkutano maalumu kuubatilisha uamuzi ule, na tulifanikiwa kwa sababu tu tuligundua kwamba akidi haikuwepo wakati wa kura.

Mengineyo ni ya kutangaza msiba, kumkaribisha mgeni, kukumbusha usafi wa Jumamosi. Fedha, katiba na uchaguzi visiguswe humo kamwe. Jimbo la California lina sheria ya mwaka 1953 kuhusu mikutano ya vyombo vya umma vya mitaa, ambayo mabaraza ya Los Angeles niliyoyataja nayo yanaifuata: ajenda ya mkutano wa kawaida inabandikwa hadharani saa 72 kabla, na kwa kawaida jambo lisilokuwemo katika ajenda haliamuliwi siku hiyo. Sisi si chombo cha serikali ya California, lakini busara hiyo haina mpaka. Tumeweka siku saba. Kwa marekebisho ya katiba ni siku 21, na theluthi mbili ya waliopo lazima wakubali.

Kuhusu namna ya kupiga kura, nina kumbukumbu moja tu na inanitosha. Zamani tulikuwa tunachagua kwa kunyoosha mikono. Katika uchaguzi wangu wa kwanza, mgombea mmoja alikuwa mwenye nyumba mwenye wapangaji wengi, na wapangaji wake walikuwa wamekaa karibu naye. Nilikuwa nahesabu mikono ya mpinzani wake. Dada mmoja alinyoosha wake nusu, akageuza macho kumtazama mwenye nyumba, kisha akaushusha taratibu kana kwamba alikuwa anajikuna shingo. Sikujua niuhesabu au nisiuhesabu. Sikuuhesabu.

Uingereza iliweka kura ya siri kwa sheria mwaka 1872, baada ya miaka mingi ya wapangaji na wafanyakazi kupiga kura huku wenye mashamba na waajiri wakiwatazama. Na wasomaji wenu wa rika langu hawajausahau mlolongo wa Kenya wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura wa mchujo wa chama walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, na mara kadhaa foleni fupi ikatangazwa kuwa imeshinda ile ndefu. Watu huidhania kura ya wazi kuwa ya kweli zaidi kwa kuwa kila mtu anaiona. Kumbe anayeiona vizuri kuliko wote ni yule mwenye uwezo wa kukuadhibu. Kwa hoja za kawaida, kama tuanze na mtaro au na taa, mikono inatosha kabisa. Kwa kuchagua watu iwe karatasi, iwe kalamu, iwe pembe yenye pazia.

Mambo mengine niyapitie haraka. Kura zikilingana, njia ya kuamua iwe imeandikwa kabla: kurudia siku ileile, kisha kura ya bahati. Mwenyekiti asitumie kura yake ya uamuzi katika kinyang'anyiro ambacho yeye ni mshindani. Mgombea akiwa peke yake, bado apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Kura kwa niaba ya mtu asiyekuwepo tumeifuta, kwa sababu kila mwaka mtu mmoja alikuwa anakuja na karatasi sita za jamaa zake. Wagonjwa na wazee, kamati iwafuate majumbani na sanduku dogo, mawakala wakiwepo. Na makabidhiano yafanyike ndani ya siku 14: muhuri, funguo, vitabu vya stakabadhi, saini za benki. Mweka hazina mmoja wa zamani alikaa na kitabu cha stakabadhi miezi minne, na miezi hiyo yote hatukuweza kupokea mchango wowote kihalali.

Ukomo wa uongozi ni mgumu zaidi, na hapa sina jibu la moja kwa moja. Nilipendekeza vipindi vitatu mfululizo, kisha mtu apumzike. Lakini nafasi ya mweka hazina mara mbili imekosa mgombea kabisa, na mweka hazina mzuri aliyelazimishwa kupumzika anaacha kiti kitupu. Tulikubaliana kwamba ukomo uwe kwa mwenyekiti na katibu, kwa sababu hao wawili ndio wanaoitisha mikutano na kuandika yaliyosemwa. Pia tumegawa wajumbe ili nusu wachaguliwe mwaka mmoja na nusu nyingine mwaka unaofuata. Katika ule mtafaruku wa kura tatu, kama tungekuwa na watu wanne ambao uhalali wao haukuhojiwa, baraza lisingesimama miaka miwili.

Marekebisho hayo yamekwishapita na uchaguzi wetu ni mwezi ujao. Mimi sigombei. Baadhi ya majirani walisema siku 30 za kufunga daftari zinawaonea wanaohamia sasa, na hoja yao ina uzito. Nilipendekeza 21, mkutano ukashikilia 30, nami nimekubali.

Jumapili iliyopita nililipeleka daftari kwa kamati ya uchaguzi. Ni lile lile la jalada gumu, pembe zimechakaa, na ukurasa wenye majina yale 31 bado una alama ya chai. Tuliyahesabu majina pamoja, ukurasa kwa ukurasa, yakawa 389 baada ya kuwaondoa waliohama na waliotangulia mbele ya haki. Mwenyekiti wa kamati akasaini kupokea, nami nikasaini kukabidhi. Jumatatu asubuhi orodha ilikuwa ubaoni. Nilipopita jioni nikakuta mtu ameshazungushia jina moja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Huyu alihama Machi." Jina hilo ni la mpwa wangu, na ni kweli alihama. Nimemwambia mwenye kalamu, ambaye ninamjua kwa mwandiko wake, aandike pingamizi rasmi kabla dirisha halijafungwa, kwa sababu alama ya kalamu haitambuliwi na kanuni, na mimi sina tena mamlaka ya kulifuta jina hilo.

Wako,
Katibu wa baraza la mtaa anayemaliza muda wake
(Jina na anwani anavyo mhariri)